Dumu Linatupwa Wapi?

Masanja alinipigia simu Jumanne saa nne asubuhi, nimekaa jikoni nachambua mchicha. "Dada Vero," akasema, "Mayu ametutoka. Tunazika kesho, hapa hapa Migato." Nikampa pole ya mama yake, nikauliza aliugua nini, maneno yale ambayo mdomo unayasema wenyewe. Akasubiri nimalize, kisha akaongeza, "Alisema lazima uje. Kuna kitu chako amekiacha." Mchicha ulinidondoka wote sakafuni. Kutoka hapa Bariadi mjini mpaka Migato watu wanakwenda na kurudi kwa pikipiki kabla maharage hayajaiva, lakini mimi nilikuwa sijakanyaga kule tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimejiapiza kwamba sitakanyaga tena. Walimu wote niliofundisha nao wanajua kwamba sinywi maziwa ya mgando, na kwamba anayeyanywa mbele yangu nitamwachia meza. Wanadhani ni tumbo. Nimewaacha wadhani hivyo mpaka nikaacha kufundisha.

Ya kwetu Nyalikungu na ya wazazi wangu nitayaacha, hayamo katika habari hii. Habari hii ni ya mwaka mmoja tu, mwaka ule soko la pamba lilipofunguliwa na kila mtu akawa anasema "huria, huria" hata asiyejua maana yake. Kabla ya hapo pamba ilikuwa na njia moja. Chama cha ushirika kilileta mbegu, kikaleta dawa ya wadudu kwenye mapipa makubwa, bwana shamba akaipima kwa kopo mbele ya watu, na pipa likiisha lilipakiwa kwenye lori lilelile lililolileta. Mwaka ule kila kitu kilivurugika kwa mpigo. Wanunuzi walikuja na malori ya kila rangi, wakatundika mizani yao kwenye miti, wakawaita wakulima kwa honi kama wanaita kuku. Ghala la ushirika likapigwa kufuli, nyasi zikaota mlangoni. Dawa nayo ikahamia madukani, katikati ya sabuni na viberiti, ndani ya madumu ya lita tano, ya bluu, yenye mkono wa kushikia na kifuniko cha kuzungusha. Jamani, yalikuwa mazuri! Hatukuwa tumewahi kuona chombo kizuri namna ile ambacho unakipata bure kwa sababu umenunua kilichomo.

Ndipo alipofika Bwana Kessy, mtaalamu kutoka Dar es Salaam, kijana bado, shati limenyooshwa hata katika vumbi la Juni. Alikuwa anatafuta mtu aliyemaliza kidato cha nne, anayejua Kisukuma na mwenye mwandiko unaosomeka. Nikaenda. Nikamuuliza kazi yenyewe ni ipi.

"Tunalifuata shati," akasema.

"Shati gani?"

"Shati lolote la pamba. Tangu ni mbegu mkononi mwa mkulima mpaka linageuka tambara la kufutia baiskeli. Kila linapopita tunauliza limekula nini, limeacha uchafu gani. Maji kiasi gani, kuni kiasi gani, dawa, mafuta ya lori, vyote. Mwisho tunajua shati moja limeigharimu dunia nini."

Nilicheka mbele yake. Mimi nilidhani shati linaanzia dukani kwa Mhindi. Naye akacheka, akanipa kalamu mbili na rundo la fomu. Kila fomu ilikuwa na safu tatu: Kilichoingia, Kilichotoka, na Mwisho Wake. Aliipenda sana hiyo safu ya tatu. Alisema watu wote duniani wanajua vitu vinazaliwaje, hakuna anayeuliza vinakufaje.

Kwa kuwa nyumba za wageni hazikuwepo, yeye alipewa chumba cha mwalimu mkuu shuleni, mimi nikapangiwa kwa Mama Limi, mjane aliyeishi na mama mkwe wake, Bibi Kabula, na watoto wawili wakubwa, Masanja na Limi. Nililala chumba kimoja na Limi, na tulilala na pamba. Msimu ule wanunuzi walikuwa wanapishana kwa bei, wakulima wakaona bora wasubiri, wakajaza mavuno yao vyumbani. Rundo lilianzia ukutani mpaka kwenye mguu wa kitanda, likafika karibu na paa. Lilikuwa na joto lake na harufu yake, harufu ya vumbi na ya kitu kichungu kidogo, na asubuhi tuliamka na nyuzi nyeupe kwenye nywele, Limi akiniita bibi kizee. Alikuwa mkubwa wangu kwa miezi michache. Mahari yake ilikuwa imeshakubaliwa, ng'ombe walikuwa waje baada ya pamba kuuzwa, na kila jioni akijilaza kwenye lile rundo alinieleza atakavyopanga vyombo vyake kwake, sufuria huku, vibuyu kule. Sijapata kuwa na rafiki wa kucheka naye vile, na nilimpata kwa miezi mitatu.

Ukuta wa kile chumba ulikuwa mwembamba, na upande wa pili ndipo Mama Limi na mkwewe walipokaa kusaga na kuzungumza, kwa hiyo nilikuwa nasikia kila neno. Walinisema na mimi pia. "Huyu mtoto wa Nyalikungu anakula ugali kama anauonea huruma," Bibi Kabula alisema siku ya pili tu, nami siku ya tatu nikala mpaka nikashindwa kuinuka. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, asubuhi michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, na karanga, na kila mlo ulikuwa na maziwa ya mgando. Maziwa yalikuwa ufalme wa Bibi Kabula. Alikamua yeye, akayagandisha yeye, akayamimina yeye, na hakunywa mpaka watu wote wa nyumba wamekunywa, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Macho yake yalikuwa mekundu daima. Alipikia kinyesi cha ng'ombe kikavu maisha yake yote, kuni zilishaisha pale zamani, na moshi ule ulikuwa umemla macho. Nalitaja hilo mapema kwa sababu litarudi.

Tukaanza kazi. Nyumba kwa nyumba, mimi mbele na fomu, Kessy nyuma na mizani yake ndogo. "Mwangaluka," nasalimia, tunaletewa vigoda, tunaletewa maji ya kunywa, tunaanza. Umelima ekari ngapi, umepiga dawa mara ngapi. Kwa Kisukuma dawa ya kuulia wadudu na dawa ya kumtibu mtu zote ni bugota, neno moja, nami sikuona sababu ya kuzitenganisha. Kisha swali la kumi na nne, la safu ya Mwisho Wake: chombo cha dawa kikiisha kinatupwa wapi? Nyumba ya kwanza mama mmoja alinishangaa. "Hakitupwi!" Nyumba ya pili, hakitupwi. Ya tatu mzee alikaribia kukasirika, akaniuliza kama nimewahi kumwona Msukuma mwenye akili anatupa dumu zima. Nikawa naandika: hakitupwi, hakitupwi, hakitupwi. Jioni Kessy akijumlisha kwenye meza ya mwalimu mkuu alipiga paja kwa furaha. "Vero, unaona? Hawa watu hawana taka! Kule kwetu mjini jalala linafika barabarani, huku sifuri!" Akaandika sifuri kubwa chini ya safu. Nami, Mungu anisamehe, niliona fahari. Nilijisikia nimewatetea watu wangu mbele ya mtu wa Dar.

Hatukuuliza swali lililofuata. Swali lenyewe halikuwemo kwenye fomu. Kisichotupwa kinafanya kazi gani? Majibu tulikuwa tumeyakalia. Yale maji tuliyokuwa tunaletewa kila nyumba yalimiminwa kutoka wapi? Niliyanywa. Nilishukuru, wabeja, nikaomba kikombe cha pili.

Kessy alinunua dumu moja la dawa dukani, dawa akampa mkulima mmoja, chombo akakichukua kukipima uzito. Alipomaliza kuandika alinikabidhi. "Tupa hili," akasema, "tumeshalimaliza." Hakusema nitupe wapi, wala mimi sikumuuliza, mimi niliyekuwa nawauliza watu swali hilohilo tangu asubuhi. Nikarudi nalo nyumbani. Wiki ile mbuzi alikuwa ameangusha kibuyu kikubwa cha maziwa cha Bibi Kabula kikapasuka, na Mama Limi alikuwa anahangaika. Nikalipeleka dumu kisimani, kule mtoni tulikochimba maji mchangani, nikalisugua kwa majivu, nikalisugua kwa mchanga, nikalisugua kwa sabuni ya mche mpaka povu likawa jeupe na harufu ikaondoka. Nilipokuwa nalitikisa nilisikia kitu kidogo kinacheza ndani ya mkono wa kushikia. Nikadhani ni maji. Niliposimama mlangoni nalo, Mama Limi alipiga vigelegele kama nimeleta ng'ombe. "Yii, wabeja mayu! Na kifuniko linacho!" Limi akalikumbatia, akasema akiolewa ataliiba.

Bibi Kabula aligandisha maziwa ndani yake siku tatu. Siku ya nne, mchana, tulirudi sote, wao kutoka shambani kuchuma pamba ya mwisho, mimi kutoka kwenye fomu zangu. Nilikaa mlangoni pa chumba chetu nikisahihisha majibu ya siku ile, nikasema nitakula baadaye. Nilimsikia bibi akimimina. Nilimsikia Limi akinywa, alikuwa na kiu, alikunywa kata nzima bila kushusha pumzi, kisha akasema kitu na bibi akamjibu, wakacheka. Masanja alipokea ya kwake, akayaonja, akayaweka chini kwenda kufunga ndama. Sidhani kilipita hata kitambo cha kuchemsha chai. Limi alikuwa amenipita kwenda kujilaza chumbani, ndipo aliponiita. Si kwa sauti ya kuita, kwa sauti ya mtu anayezama. Nilipofika alikuwa amepiga magoti karibu na lile rundo la pamba, jasho linamtiririka kama amemwagiwa maji, mate yanamtoka bila yeye kuyatema, na misuli ya mashavu yake inaruka yenyewe. Nilimshika uso. Mboni za macho zilikuwa zimekuwa ndogo kama punje ya uwele. Mpaka leo sijui kuieleza hofu ile. Nilikuwa namtazama rafiki yangu na yeye haonekani mle ndani.

Tulimpakia kwenye Land Rover ya Kessy, kichwa chake mapajani mwa mama yake, Masanja nyuma akitapika pembeni. Kessy aliendesha kama mwendawazimu kuelekea Bariadi. Hatukufika nusu ya njia. Mama Limi alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Simamisha gari, mwanangu ameondoka," na Kessy akasimamisha, na tukakaa katikati ya barabara, injini inanguruma, hakuna anayejua afanye nini. Nilitazama pamba iliyoganda kwenye nywele za Limi. Nilianza kuitoa, uzi mmoja mmoja.

Ni siku ya pili ya msiba, asubuhi, ndipo niliposikia. Nilikuwa nimejifungia chumbani, na upande wa pili wa ukuta walikuwa wameingia wanaume watatu, mmoja wao Ng'wandu, mdogo wake marehemu baba yake Limi, ambaye sauti yake haikujua kunong'ona.

"Aliyekamua ni nani?" aliuliza.

"Bibi."

"Aliyemimina?"

"Bibi."

"Na mbona yeye hakunywa?"

Mwingine akasema, taratibu, "Macho yake yale. Mtoto alikuwa anakwenda kuolewa, mahari inakuja. Ameona wivu." Ng'wandu akasema haitapita kesho. Hakusema kitu gani hakitapita kesho, wala haikuhitajika. Kila mtu aliyekulia kwetu anajua vikongwe wenye macho mekundu, walioitwa wachawi, walikuwa wanakutwa wapi na katika hali gani. Nilikaa juu ya ile pamba. Wakati wanahesabu, aliyekamua, aliyemimina, mimi nilikuwa nahesabu kwa namna Kessy alivyonifundisha, narudi nyuma hatua moja moja, maziwa yametoka kwenye dumu, dumu limetoka kwa nani? Na ndani ya mkono wa dumu kulikuwa na kitu kinacheza.

Nilikimbia shuleni. Kessy alikuwa amekaa kitandani na viatu vyake miguuni. Nilipomweleza alifunika uso. Yeye alikuwa ameshafika huko kabla yangu, tangu barabarani, aliziona zile mboni. "Mkono wa dumu una uwazi," akasema. "Dawa inabaki mle. Ukiliosha tu haiondoki. Mafuta ya maziwa yanaivuta."

"Basi twende tukawaambie."

"Vero, kaa kwanza. Tukisema ni dumu letu, tumeua sisi. Unaelewa? Watatuchoma na gari lenyewe. Acha wazike. Nitaandika, nitapeleka taarifa ngazi za juu, kwa utaratibu."

"Na bibi?"

Akainama akafunga kamba za kiatu chake. Simlaumu sana sasa, alikuwa na miaka ishirini na kitu, ameogopa. Wakati ule nilimtemea mate kwenye kile kiatu chake. Halafu nikachukua fomu ya nyumba ya Mama Limi kutoka kwenye rundo, ile yenye mwandiko wangu mzuri, "hakitupwi", nikatoka.

Watu walikuwa wamejaa uani. Wanaume upande wa zizi, wanawake chini kwenye mikeka, na Bibi Kabula peke yake karibu na jiko, kanga kichwani, nafasi kubwa imeachwa kumzunguka. Alikuwa ameshaelewa. Nilisimama katikati, nikasema kwa Kisukuma kwamba maziwa hayakurogwa, maziwa yalitiwa sumu, na aliyeitia ni mimi. Ng'wandu alicheka kwa hasira. "Huyu mgeni anamkingia kifua ajuza. Nani amemtuma?" Nikamwomba Masanja alete dumu. Lilikuwa limeoshwa, limeanikwa juu ya uchanja. Nikatia maji ya vuguvugu, nikatikisa, nikamimina kwenye beseni, yakatoka safi. Watu wakaguna. Nikatia tena, nikaligeuza kichwa chini nimelishika kwa mkono wake, nikalitikisa na kulitikisa mpaka bega likaniuma, nikamimina. Yakatoka na nyuzi nyeupe ndani yake, nyembamba, zikatanda, beseni lote likawa jeupe kama maziwa.

Hakuna mkulima pale aliyehitaji kuelezwa. Kila mmoja wao amewahi kumimina dawa ya pamba kwenye bomba la kupulizia na kuona maji yanavyogeuka meupe. Ile harufu ya shambani ikapanda. Ng'wandu alirudi nyuma hatua mbili. Nikachukua kijiti nikachora chini kwenye vumbi, duka, shamba, meza ya mtaalamu, mkono wangu, kisima, mlango wa Mama Limi, mstari mmoja mrefu, na kwenye kila kituo nikawaambia nani alikuwepo na alifanya nini. Bibi Kabula hakuwemo kwenye mstari ule mpaka mwisho kabisa. Nilipomfikia, aliondoa kanga usoni.

"Aliniambia ni machungu," akasema. Alikuwa hasemi na mtu, alikuwa analiambia lile beseni. "Mjukuu wangu alisema, bibi, maziwa leo machungu. Nikamwambia meza mayu, ni chombo kipya, kitazoea."

Hicho ndicho walichokuwa wanachekea. Nilikaa chini pale pale, juu ya mchoro wangu.

Nilingoja wanipige. Ningeona nafuu. Badala yake mwanamke mmoja aliinuka kutoka kwenye mikeka, akaenda kwake, akarudi na dumu la bluu. Lilikuwa na maji ya kunywa ndani. Akalimwaga, akaliweka karibu na lile letu. Mwingine akainuka. Mwingine tena, anakimbia sasa, na kanga inamdondoka. La mafuta ya kula. La pombe ya harusi. La uji wa mtoto anayenyonya, mama yake analileta huku analia kwa sauti. Niliwatambua wenyewe, hizo zote zilikuwa nyumba zangu za fomu, hakitupwi, hakitupwi. Yalijaa uani mpaka yakafika kwenye zizi, ng'ombe wakawa wanayanusa. Nilikuwa na sifuri kwenye karatasi, na sifuri yenyewe ilikuwa kubwa kuliko nyumba.

Kessy alifika wakati huo. Kwa heshima yake niseme alikuja, kwa miguu, peke yake, akasimama karibu nami. Ndipo Mama Limi aliponyanyuka. Alilishika dumu letu kwa mkono wake, akaja nalo mpaka mbele yetu.

"Mmekuja kwenye nyumba yangu mkaniuliza linatupwa wapi," akasema. "Nikawajibu halitupwi. Nilikosea. Haya, sasa mimi ndiye nauliza. Nilitupe wapi?"

Kessy akasema tuyachome. Kisha mwenyewe akasema hapana, moshi wake ni sumu. Tuyafukie. Kisha akatazama kule mtoni, kwenye mchanga tunakochimba maji, akatikisa kichwa. Masanja akasema yarudishwe dukani. Mtu akatumwa kwa baiskeli, akarudi na jibu kwamba mwenye duka anauza dawa, hanunui madumu. Mzee mmoja akasema zamani lori la ushirika lilikuwa linayachukua mapipa, na watu wote wakageuka kutazama upande wa lile ghala lenye kufuli, kama vile lori lingetokea. Kessy alifungua fomu yake, nilimwona, alipekua kurasa zote mpaka ya mwisho. Alikuwa na safu ya Mwisho Wake, na alikuwa hana cha kuandika. Mama Limi alisimama akisubiri, kwa adabu kabisa, muda mrefu. Halafu akarudi ndani nalo.

Bibi Kabula hakuguswa na mtu. Alikufa kwa uzee, kitandani kwake, miaka mingi baadaye, nililetewa habari hiyo na nikalia kwa furaha, kama furaha ndiyo ile. Kessy alirudi Dar es Salaam na fomu zake, sikumwona tena. Mimi niliondoka Migato siku iliyofuata maziko, na Mama Limi alinipa mkono bila kunitazama.

Kwa hiyo Jumatano ile niliteremka kwenye pikipiki uani palepale nilipochora ule mstari. Nyumba ina bati sasa. Zizi limebaki mahali pake. Masanja ana mvi, alinishika mikono yote miwili, akanipeleka kwenye mikeka kama dada yake hasa. Tulizika, tukala, watu wakaanza kutawanyika. Ndipo aliponiita kwenye kile chumba chetu. Hakikuwa na pamba. Kwenye boriti, juu pale lilipokuwa linafika rundo, lilikuwa limening'inizwa kwa kamba ya katani dumu la bluu, limepauka mpaka linakaribia kuwa jeupe, limetobolewa pande zote kwa msumari wa moto ili lisishike tena hata tone.

"Mama alikataa tusiliguse," Masanja akasema. "Tulipojenga upya alisimama akalishika yeye mpaka paa likapanda. Akasema mpeni Vero. Ndiye aliyekuwa anauliza linatupwa wapi. Labda huko alikokwenda wameshamwambia."

Nililipakata njia nzima ya kurudi. Dereva wa pikipiki, kijana mchangamfu, aliligeukia mara mbili tatu. Tulipopita Lagangabilili akashindwa kuvumilia. "Mama, hilo dumu kama hulihitaji niachie mimi. Nitaziba matundu, litanifaa." Nikamwambia hapana. Nilisema kwa ukali kiasi kwamba akapunguza mwendo.

"Basi yaishe, mama," akasema. "Sasa unakwenda kulitupa wapi?"